Kompyuta Iliyopenda Baridi

Mtaa wa Wahunzi wa Visu
11 Januari

Najmiddin, ndugu yangu wa tumbo moja,

Salamu zako nimeziweka mwisho wa barua. Ukifika huko bila kuona haya, zichukue.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mbili. Kwanza, kwenye simu huwa unanikatiza kila neno la tatu. Pili, ile kompyuta mpakato uliyonizawadia (nawe ulijua unachofanya, maana zawadi haina pa kupeleka malalamiko) imegeuka gogo. Haijafa. Ingekufa ningeomboleza siku tatu nikaendelea na maisha. Inapumua tu. Nabonyeza herufi, nakwenda kumimina chai, narudi, herufi ndiyo kwanza inachungulia kama bibi harusi aliyelazimishwa.

Unajua vizuri mwaka huu si wa kunichezea. Tarehe 14 Februari baraza la mji linakaa kuamua kama maktaba yangu ibaki maktaba au iwe ukumbi wa harusi wa Safarali. Mtu huyo ana kumbi mbili tayari. Sijui anataka watu waoe mara ngapi! Hoja yake ni moja: "Hakuna anayesoma tena." Basi nimemjibu. Nimezunguka mji miezi miwili nikiomba watu waandike kitabu gani walikisoma pale na kiliwafanya nini. Nimepata barua mia mbili na kumi na mbili. Mwashi ameandika, mkunga ameandika, hata yule mchinjaji asiyesalimia watu ameandika kurasa nne na analia ndani yake. Zote ziko kwenye hilo gogo lako. Lazima zipangwe, zichapwe kitabu kimoja, kiwe mezani kwa karani wa baraza kabla ya tarehe 10. Kikichelewa hata siku moja, hakisomwi. Bila kitabu hicho nitasimama pale kama mwanamke mwingine tu mwenye kelele.

Nina mashaka na mambo mawili. Ama Safarali amenipandikizia kirusi, ama wewe uliijaza vipuri vya jalalani. Una duka Dushanbe, watu wanakuita fundi. Jieleze.

Mama hajambo. Salamu.

Dada yako,
Sadbarg


Dushanbe
14 Januari

Dada Sadbarg,

Salamu nimezichukua. Haya sikuona.

Mashine hiyo ina miaka tisa. Kwa kompyuta huo ni umri wa mama yetu, na wewe unaipigisha mbio kama farasi wa mashindano ya buzkashi. Hata hivyo uzee peke yake hauleti uzito wa ghafla unaousema. Mzee hachoki kwa mkupuo Jumatano moja. Kuna kilichotokea.

Tafadhali weka kando Safarali kwa dakika tano, najua ni vigumu, unijibu kama mgonjwa anavyomjibu daktari. Je, uzito unaanza tangu unapoiwasha, au inaanza vizuri kisha inachoka? Diski imejaa? Feni unaisikia? Na je, ni nzito kila mahali, au kuna mahali ina nafuu? Usiniambie unachofikiri. Niambie unachokiona.

Dereva Amrullo anarudi huko kesho kwa teksi yake. Mpe majibu akipita.

Mdogo wako,
Najmi


Mtaa wa Wahunzi wa Visu
17 Januari

Najmi,

"Usiniambie unachofikiri." Miaka thelathini naandika magazetini na hakuna mhariri aliyethubutu kuniambia hivyo. Lakini sawa, nimetoa ulimi, angalia.

Diski nusu tupu. Nimefuta picha zako arobaini za gari lako, ikawa tupu zaidi. Nikiiwasha nyumbani inakimbia kama mwana-punda asubuhi. Baada ya nusu saa inaanza kuburuta miguu, na feni inapiga mayowe hadi mama anaacha kusali. Baada ya saa nzima hakuna kazi tena.

Sasa sikiliza hili, maana nimekwisha kugundua mwenyewe. Maktabani haifanyi hivyo! Naibeba kila asubuhi, naifungua kwenye meza yangu kule, inafanya kazi mpaka saa ya kufunga bila kulalamika. Jambo liko wazi. Umeme wa nyumbani ni mchovu na wa maktabani una nguvu. Ningemalizia kazi kule, ila baraza limeamuru tufunge saa nane mchana, "kuokoa matumizi." Tangu vuli hawajatuletea hata ndoo moja ya makaa. Naandika nimevaa glavu nilizozikata ncha za vidole, na wasomaji wangu wanafungua kurasa kwa meno. Huo ndio ujanja wao: wanatugandisha, kisha wanasema hakuna anayekuja.

Kwa hiyo nitumie kifaa cha kuongeza nguvu za umeme, tumalize.

Sadbarg


Dushanbe
20 Januari

Dada,

Umeniandikia jibu zima kisha ukaliruka kama mfereji.

Kwenye baridi inakimbia. Nyumbani inalala. Sasa nijibu: nyumbani unaiweka wapi? Usihangaike, nitajibu mwenyewe, maana nimekulia kwenye chumba hicho. Umekaa kwenye sandali, ile meza yetu ya kuotea moto. Makaa yako shimoni, meza fupi iko juu ya makaa, mfarishi umefunika meza, miguu yako iko ndani ya joto, na kompyuta yangu maskini iko juu ya mfarishi, imezama kama kuku anayeatamia. Dada! Umeikalisha juu ya jiko na kuiziba pua, halafu unamtuhumu Safarali.

Ndani ya kompyuta kuna kitu kinachofikiri, na kikifikiri kinapata joto. Feni inavuta hewa kwa matundu ya chini na kuitoa ubavuni. Joto likizidi, kitu hicho chenyewe kinapunguza kasi kusudi kisiungue. Haijachoka, inajiokoa. Umeme hauhusiki.

Itoe kwenye sandali leo hii. Iweke dirishani juu ya matofali mawili, upande wa chini upate hewa. Vaa glavu zako. Kisha niambie unachokiona.

Najmi


Mtaa wa Wahunzi wa Visu
23 Januari

Najmi,

Umeshinda nusu, usicheke kwa sauti.

Niko dirishani, nimevaa koti la marehemu baba, kompyuta iko juu ya matofali kama mzee anayeheshimiwa. Zamani ilikuwa inachoka baada ya nusu saa. Sasa inafika saa moja na robo, kisha inaanza kuburuta. Nimepanga barua tisini. Bado mia moja na ishirini na mbili, na siku zinanitoka mkononi. Kwa hiyo makaa ni mwizi, lakini si peke yake. Nani mwenzake?

Jambo jingine. Mama ana uso wa mtu aliyevunja bakuli la jirani. Kila jioni ananiuliza, "Imepona?" Namwambia bado. Anatikisa kichwa anaondoka. Jana nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta, ameweka mkono juu yake kama unavyopima homa ya mtoto. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni mashine, siyo mwanao." Akasema, "Najua wanangu ni wepi." Mwandikie neno la kumtuliza. Wewe ndiye kipenzi chake.

Sadbarg


24 Januari

Mwanangu Najmiddin,

Naandika kwa herufi kubwa maana macho. Amrullo ameapa hataifungua barua hii.

Nijibu ukweli: moshi unaua kompyuta?

Mwezi wa kumi Sadbarg akiwa maktabani alikuja Safarali, nyumbani hapa. Alileta matikiti maji mawili. Alikaa, alikunywa chai yangu, alikusifu wewe, alimsifu marehemu. Alipokuwa anavaa viatu akasema, "Mama Oyjamol, binti yako ana vidole vyepesi. Vidole vyepesi huvunjika." Akacheka. Matikiti nilimpa ng'ombe wa jirani.

Sikumwambia dada yako. Unamjua. Angekwenda kumpigia mlango na kumwandika gazetini, na ndicho anachokitaka yule, apate sababu.

Nikasema nitamfukiza kwa moshi wa mbegu za hazorispand, kijicho kimtoke. Lakini nitamfukizaje? Yeye ndiye aliyeandika ile makala yake, "Moshi Haujui Kusoma," akatoa chetezo changu nyumbani mbele ya majirani, miaka kumi na tano sasa. Basi nikapata njia. Kila alfajiri, umeme ukirudi, anaiacha kompyuta ikijaza betri na yeye analala tena kidogo. Vidole vyake vinashinda pale, si ndiyo? Nawasha mbegu kwenye kikaango cha zamani, nazungusha mara saba juu, mara saba chini. Ikawa inavuta moshi yenyewe, kwa matundu. Nilifurahi, nikasema imekubali.

Sasa inaumwa, na kazi yake iko ndani. Kama nimeiua mimi, niambie mimi. Usimwambie yeye. Na habari ya yule mtu, usimwambie kabisa.

Mama


Dushanbe
27 Januari

Dada,

Mwenzake makaa ni uchafu wa ndani. Vumbi la vitabu, sufi ya mfarishi na kadhalika. Miaka tisa haijafunguliwa. Uchafu ukiziba feni, hata dirishani haitoshi.

Usiitume huku. Theluji imeanguka vibaya mlimani, na hizo barua hazina nakala nyingine. Kabla hujagusa chochote, weka nakala zote kwenye diski ndogo niliyompa Amrullo. Kila moja. Kisha uifungue mwenyewe. Nimekuchorea picha: zima, toa betri, skrubu kumi na moja za chini, zipange kwenye karatasi kama zilivyokaa. Inua kifuniko taratibu. Feni itakuwa pembeni kushoto. Isafishe kwa pamba na spiriti. Halafu paka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, iliyo kwenye kichupa nilichompa Amrullo pia, kiasi cha punje ya mchele, hapo nilipoweka alama.

Skrubu zina kichwa cha nyota. Mpelekee Fundi Zuhur, mhunzi wa mtaani kwetu, akutengenezee bisibisi.

Na dada, chochote utakachokiona au kukinusa humo, tafadhali usipige kelele. Mashine za zamani zina harufu zake.

Najmi


Mtaa wa Wahunzi wa Visu
3 Februari

Najmiddin,

Amrullo amefika jana baada ya kukaa siku nne nyuma ya theluji. Siku nne nimehesabu kila saa, na mashine imenipa kurasa thelathini tu.

Nilikwenda kwa Fundi Zuhur na picha yako na mashine yenyewe. Akaangalia skrubu kwa lenzi yake, akacheka.

"Sadbarg, mimi nimetengeneza visu vya kuchinjia fahali. Hiki ni kisu cha kuchinjia sisimizi."

"Unaweza au huwezi?"

"Babu yangu angekupiga kofi kwa swali hilo."

Akachukua kipande cha chuma cha saa ya ukutani, akakipasha, akakinoa, nikatoka na bisibisi bora kuliko zote ulizo nazo dukani. Hakutaka hata asante. Aliniambia, "Barua yangu ni ya mia moja na saba. Isianguke humo ndani."

Nikafungua. Skrubu kumi na moja kwenye karatasi. Nikainua kifuniko. Nilitarajia vumbi. Vumbi lilikuwepo, ila lilikuwa limegandana kama unga uliomwagiwa shira. Feni imevaa kanzu ya kahawia, inanata, yenye utomvu. Nikaikwangua kwa ukucha, nikaunusa ukucha.

Najmi, mimi sikuzaliwa Paris. Harufu ile naijua tangu nikiwa tumboni.

Hazorispand! Katika nyumba yangu! Katika mashine yenye sauti za watu mia mbili na kumi na mbili! Miaka kumi na tano nimekuwa naambia mji huu kwamba mtoto mwenye surua anapelekwa kwa daktari, hapungiwi moshi. Nimetukanwa msikitini na sokoni kwa ajili ya neno hilo. Kumbe moshi wenyewe ulikuwa unalala chumbani kwangu.

Sikupiga kelele. Nikamwonyesha mama ukucha. Akautazama, akasema, "Nilikuwa nakuosha vidole." Basi. Tangu jana hatujasemezana. Anaweka chai, nakunywa, anaondoa bakuli.

Nimesafisha kama ulivyosema, nimepaka punje ya mchele, nimefunga. Inaruka! Feni inanong'ona tu. Saa tano mfululizo bila kuchoka. Nitamaliza kwa wakati, hilo usiwe na shaka nalo.

Lakini mama yetu si mjinga. Aliacha chetezo miaka kumi na tano bila kulalamika. Kwa nini arudie sasa, tena kwa siri? Na wewe, ulijuaje kwamba nitanusa kitu? "Mashine za zamani zina harufu zake." Mwongo mkubwa. Kuna jambo mnanificha wawili nyie. Lilete.

Sadbarg


Dushanbe
5 Februari

Dada,

Nimeahidi mahali fulani na leo navunja ahadi. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mama ya tarehe 24. Isome ukiwa umekaa.

Ukimaliza, nakuomba kitu kimoja, nami sijakuomba kitu tangu uliponibeba mgongoni kuvuka mto. Usiende kwa Safarali. Nenda chumba cha pili, kwa mama.

Najmi


Mtaa wa Wahunzi wa Visu
15 Februari

Najmi, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Safari hii nimezitanguliza.

Barua ya mama niliisoma mara moja, nikavaa koti la baba, nikatoka. Ndiyo, nilikuwa nakwenda kwa Safarali, unanijua. Nilifika lango la mtaa. Pale nikasimama nikifikiri: mwanamke wa miaka themanini na mmoja ameamka kila alfajiri tangu mwezi wa kumi, kwenye baridi ile, miguu mitupu nisimsikie, kwa sababu aliogopa mtu fulani na hakuweza kuniambia mimi. Safarali alimtisha. Lakini aliyemfanya afanye kwa siri ni nani? Nikarudi.

Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, kikaango kiko wapi?"

"Nimekitupa."

"Uongo."

"Kiko chini ya kitanda."

"Kilete. Na mbegu. Mashine hainyonyi kijicho, inanyonya utomvu tu. Nifukize mimi."

Aliweka mchele kando. "Na makala yako?"

"Makala yangu iko palepale. Moshi haujui kusoma. Sijakuambia ufukize kitabu."

Akacheka, Najmi. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba alipofariki. Nikasimama katikati ya chumba, mikono mbele kama mtoto anayekaguliwa kucha, akanizungushia mara saba. Nilikohoa kama kondoo. Vidole alivirudia mara ya nane.

Kitabu kilichapwa tarehe 8, kikafika kwa karani tarehe 9 asubuhi. Karani alitafuta kosa nusu saa nzima hakuliona, akagonga muhuri kwa huzuni.

Sasa jana. Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Safarali alikaa safu ya mbele, tai nyekundu, anatabasamu kwa kila mtu. Kabla mwenyekiti hajafungua kikao mlango ukafunguliwa akaingia mama yako, amevaa gauni lake la hariri ya atlasi, kikaango mkononi, moshi unapanda. Sikumwambia aje! Naapa kwa kaburi la baba. Mwenyekiti akasema, "Bibi, hapa ni baraza." Mama akamjibu, "Ndiyo maana. Palipo na watu wengi pana macho mengi." Nani amfukuze bibi mwenye hazorispand? Wote wamelelewa na bibi kama huyo. Akapita safu kwa safu. Wajumbe walivua kofia mmoja mmoja, wakauvuta moshi kwa viganja hadi usoni, kama watoto. Na mimi, adui wa moshi wa mji mzima, nimesimama jukwaani na kompyuta yangu, sina pa kuangalia. Niliifunika kwa shali, maana najua inavyopenda kuvuta.

Akamfikia Safarali. Safarali akainama kama desturi, akauvuta moshi usoni. Mama hakuondoka. Akasema, kwa sauti ile ile ya kukaribisha chai, "Na vidole, mwanangu. Nyoosha vidole. Huwa vinavunjika."

Uso wake ulipoteza rangi yote, ikabaki ya tai. Akanyoosha. Kumi vyote. Mama akavifukiza kimoja kimoja, hana haraka, kisha akaja kukaa safu ya mwisho na kuweka kikaango kati ya miguu apate joto.

Nikafungua kompyuta, nikasoma. Walinipa dakika ishirini, nikasoma saa mbili na nusu, hakuna aliyenikatiza, hata wewe usingeweza. Ilipofika barua ya mia moja na saba, Fundi Zuhur alisimama akaisema mwenyewe kwa moyo. Mchinjaji alilia tena. Mle ukumbini hakukuwashwa moto, baraza linajibana hata lenyewe, kwa hiyo mashine yako ilikuwa peponi. Haikusita hata herufi moja.

Kura tisa dhidi ya nne. Maktaba inabaki, na makaa yanaletwa Jumatatu. Karani ameandika, nimemfanya aandike mbele yangu. Wale wanne nimeyaandika majina yao pia, watayasoma gazetini.

Kwa hiyo kuanzia leo utaratibu wa nyumba ni huu. Alfajiri umeme ukirudi, naamka kabla ya mama, naitoa kompyuta nje dirishani, juu ya matofali yake, kwenye baridi inayoipenda. Nafunga dirisha. Ndipo nasimama katikati ya chumba nanyoosha vidole, namsubiri awashe kikaango.

Njoo ukikoma theluji. Lete dawa ile ya kijivu, kiasi cha punje nyingine ya mchele, maana mama anauliza kama inafaa kwa magoti.

Dada yako,
Sadbarg